Yule fundi wa "mita haisemi uongo" leo kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, mnisamehe uandishi. Yule fundi umeme mnamjua, simtaji, yule anayening'iniza mita kiunoni kama bastola. Nilimwita akague waya za nyumba kabla sijapaka rangi. Kaingia hata salamu haijaisha kaunga mega yake (kile kipimo cha kuona kama waya zinavujisha umeme) kwenye DB, lile boksi kuu la umeme, kabonyeza, namba ikaja megaomu 0.3, na hapo namba ikiwa ndogo ndio mbaya. Basi jamaa kimyaaa. Halafu akageuka, na hakunigeukia mimi, akamgeukia mama mkwe: "Mama, mmelala kwenye jeneza. Mita haisemi uongo."

MAMA MKWE. Na mimi mwenye nyumba nimesimama pale pale nimeshika tochi.

Sasa hiyo megaomu 0.3 alipima nini? Friji iko kwenye plagi, tivii iko kwenye plagi, balbu za LED zote ziko kwenye holda, na ile ekstensheni ya kulinda vitu umeme ukipanda nayo ipo. Nikamuuliza kistaarabu, kaka si tuchomoe kwanza? Akanishusha na kunipandisha kwa macho, kisha akamwambia mama mkwe (tena sio mimi!!) "hawa wasomi wa simu ndio wanaounguza nyumba". Mama mkwe akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango.

Haikutosha. Kashika waya mmoja uliokatwa zamani, hauendi popote, mita ikaandika volti 64, akaruka nyuma nusura atoke na ukuta, "umeme unatembea kwenye kuta!" Saa hizi watoto wanalala na ndala miguuni. Hukumu yake ni kung'oa waya nyumba nzima, na muuza waya ni nani? Yeye.

Yote hayo nasamehe. Ila kwanini amgeukie mama mkwe?

Fyuzi_Imekatika: Pole mkuu, nimecheka ila pole. Hiyo 64 ni volti hewa. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa megaomu 10 hivi, kwahiyo waya mfu ukilala sambamba na wenzake wenye umeme unadaka kidogo tu na mita inapiga kelele. Apime tena akiwa amefunga balbu ya zamani ya uzi kati ya huo waya na nyutro, volti zinaporomoka karibu na sifuri. Balbu ikiwaka ndio mkimbie.

Kisebengo: Kwahiyo umeme umeuweza, mama mkwe kakushinda 😂😂

Mleta uzi: Kisebengo wewe ungekuwepo ungelia. Alimgeukia KABISA, mgongo kwangu.

DB_Wazi: Mega inasukuma volti 500 za DC. Hiyo ekstensheni ndani ina vidude vinavyofungua njia kwenda ethi volti zikizidi, ndio kazi yake, sasa ukipima nayo ikiwa imechomekwa namba lazima ianguke. Zima swichi kuu, chomoa kila kitu, toa balbu, shika laivu na nyutro pamoja upime dhidi ya ethi. Kiwango cha chini ni megaomu 1, waya isiyo na ubovu inasoma mamia. Ikigoma bado, tenganisha saketi, pima moja moja, mbovu utaikuta tu, mara nyingi ni boksi limeingia maji au msumari wa picha umechubua waya. Namba moja ya jumla haing'oi nyumba.

Mtu_Chake: Mnamsema fundi wa watu, na kama hiyo 0.3 ni kweli? Watu wameungua kwa kujifanya wajuaji.

DB_Wazi: Ndio maana nimesema apime upya mkuu, sijasema apuuze. Soma.

Mtu_Chake: Nimesoma. Punguza ukali.

Kisebengo: Mama mkwe anasemaje kuhusu hili, tuanzie hapo

Bomba_La_Jirani: Wewe angalau wako ana mita. Wangu wa mabomba alipima presha ya maji kwa kidole gumba, akasema "iko poa bosi", usiku dari likashuka na maji yake yote. Nampigia ananiambia hayo ni maji ya mvua. Mvua ya ndani ya nyumba!

Fyuzi_Imekatika: Huyo wa kidole gumba namjua, amefunga tenki langu, bomba la kuingizia kaliweka chini la kutolea juu 😭

Bomba_La_Jirani: Ndio huyo huyo!! Ana kicheko fulani cha puani?

Fyuzi_Imekatika: Huyo huyo.

Mama_Tano: Hao wote malaika. Mleta uzi si umesema unapaka rangi? Chonde usimchukue yule wa kofia nyekundu, anachanganya rangi na maji mpaka ukuta unaona haya, ukimlalamikia anakwambia ngoja ikauke dada, mwaka wa pili huu inakauka.

Mleta uzi: Kofia nyekundu, anatembea na redio?

Mama_Tano: Redio haina betri ila anatembea nayo.

Mleta uzi: Nimeshampa advansi.