Utafiti wangu umelala kabatini. Nimpelekee nani, na lini?

Mkunga wa Bondeni

Wakuu, habari za usiku. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati ya kijijini, bonde la Kilombero. Mwaka juzi nilikuwa masomoni, na utafiti wa kumalizia digrii niliufanyia huku huku: kwa nini mama anahudhuria kliniki vizuri, kadi imejaa, halafu uchungu ukimshika anajifungulia nyumbani? Niliwafuata majumbani, nikakaa nao jikoni wakimenya mihogo. Nilidhani nitasikia habari za mama mkwe na umbali. Umbali upo, hasa masika. Lakini walichokirudia ni ile orodha tunayowapa sisi wenyewe: mpira wa kulalia, glavu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, beseni. Asiyekuwa navyo anaona bora abaki kwake kuliko kuja kusemwa mbele ya watu. Na wasemaji ni sisi. Mmoja aliniambia usoni, "Hata wewe dada ulinisema." Kweli nilimsema.

Chuo kilinipa alama nzuri. Nakala moja niliipeleka kwa mkubwa mmoja wa wilaya, akanishukuru sana, akaiweka juu ya kabati la mafaili. Juzi nilipita pale nikaiona. Imewekewa feni mbovu juu yake.

Nauliza: karatasi kama hii inapitia njia gani mpaka ibadilishe kitu?

Kijiti Kikavu

Pole dada. Iitie semina hotelini, weka posho na chai yenye sambusa, itasomwa siku hiyo hiyo.

Mzee wa Utete

Marahaba binti. Kijiti anatania, ingawa sambusa kweli zinasaidia.

Mimi ni katibu wa afya mstaafu, na nilikuwa Rufiji enzi za TEHIP, ule mradi wa Wizara ya Afya na shirika la Kanada, IDRC, ulioanza mwishoni mwa miaka ya tisini Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walizunguka kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea kifo waliwauliza ndugu alianzaje kuumwa, akapelekwa wapi.

Sasa sikiliza. Maofisini sote tuliamini watoto wanakufa kwa sababu mama akiona degedege anakimbilia kwa mganga wa kienyeji. Tulikuwa tumejiandaa kabisa kwenda kuwafokea vijijini. Majibu yalipotoka, kwa waliokufa kwa malaria, karibu wanane kati ya kumi walikuwa wameanzia kwenye tiba ya kisasa, dawa za dukani au za kituoni. Dawa zetu sisi! Klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, ilikuwa imekwisha nguvu, na nchi iliiacha mwaka 2001. Fimbo tuliyowachongea akina mama ikatugeukia. Wewe mwenzangu umeshaonja hilo jikoni kwa yule dada.

Jambo la pili ni bajeti. Morogoro malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa vifo vya mapema, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 ya fedha za afya. Majedwali ya hayo yalikuwepo, hakuna aliyeshtuka. Watu wa mradi walipochora nguzo mbili tu, moja ndefu ya ugonjwa na moja fupi ya fedha, mtu yeyote wa kikao aliona. Diwani hasomi tasnifu, binti, na wala si kazi yake. Nyongeza ya fedha haikuzidi sana dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, na vifo vya watoto wadogo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Vyandarua na mafunzo ya kutibu watoto vilichangia pia, sitaki kukudanganya kwamba ni michoro peke yake.

Kwa hiyo iache ile yenye feni. Andika ukurasa mmoja. Usiombe sera mpya, kwani Sera ya Afya ya 2007 imekwisha sema mjamzito hatozwi. Onyesha tu kwamba haijafika kitandani kwako. Weka hesabu za kliniki na za kujifungua kutoka kwenye rejesta zako za MTUHA, ule mfumo wa serikali wa taarifa za afya, maana hizo mkubwa hawezi kuziita za kwako binafsi. Halafu weka bei ya vifaa vya ile orodha. Na uanzie kwenye kamati ya zahanati, kwa sababu tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia akaunti ya kituo moja kwa moja. Wilayani peleka kabla mpango kabambe, yaani mpango wa afya wa mwaka wa halmashauri, haujafungwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukienda Mei utapewa soda tu.

Nesi wa Kilifi

Dada, usivunjike moyo. Utafiti wa FEAST ulihusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ulionyesha kwamba kumkimbizia maji ya mshipa mtoto mwenye homa kali aliye kwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vizuri, kunaongeza vifo: takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 kwa wasiokimbiziwa, katika saa 48. Ulichapishwa 2011, na mwongozo wa WHO ulirekebishwa 2016. Wodini kwetu kilichobadilisha mikono ya watu ni karatasi moja iliyobandikwa juu ya meza ya dripu. Tasnifu sikuiona hata moja.

Mkunga wa Bondeni

Mzee ahsante, umenichekesha na umeniumiza. Nesi, nawe ahsante.

Kamati yetu inakaa Alhamisi. Usiku huu nimefungua rejesta mbili, nguzo nimezichora kwa kalamu ya risasi na rula ya mwanangu. Kilichobaki ni bei. Waliopo Ifakara mjini, mpira wa kulalia mnaununua kwa mita au kipande kizima, na shilingi ngapi?