Tupeane uzoefu: kuandaa nyumba, uwanja na familia kabla ya masika na upepo wa bahari (Dar)

Mkazi wa Kigamboni
Wakuu, TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wakitaja kimbunga tu, akili inarudi Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia tarehe 4, boti za Zanzibar zikasimama, barabara ya kusini ikakatika Somanga. Msimu wa vimbunga upande wetu huhesabiwa Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya kilikuja Mei, ardhi imeshashiba maji ya masika. Kalenda peke yake haitoshi. Mafundi, kina mama, watu wa umeme, mwageni mnachokijua. Tuanze na paa.

Baharia Mstaafu
Dar iko karibu mno na ikweta, vimbunga haviji huku. Tujadili mafuriko.

Pwani Yetu
Mkuu, ni vichache, sio kwamba haviji. Unguja kimbunga cha Aprili 1872 kililaza chini mikarafuu na minazi. Lindi kilipiga Aprili 1952. Dar ipo katikati ya hizo mbili.

Fundi Kenchi
Paa haling'oki kwa kusukumwa kutoka pembeni, linanyonywa kwenda juu. Upepo ukizidisha kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Sasa angalieni nyumba zetu: kenchi (fremu ya mbao inayobeba bati) imepigiliwa misumari miwili kwenye mtambaa panya (mbao inayolala juu ya ukuta), na mtambaa panya wenyewe umelazwa tu juu ya tofali. Msumari unazuia mbao isiteleze, ukivutwa juu unachomoka.

Unayejenga: acha vipande vya nondo mm 8 ndani ya zege la lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kila inapokaa kenchi, uje uvikunje juu ya mbao. Uliyehamia tayari: chuma cha pembe, bolti ya kupanuka mm 12 upande wa lenta, upande wa kenchi bolti ipenye mbao yote, weka wosha na nati. Usitoboe tofali, litapasuka na bolti itabaki inacheza. Kama pesa ni ndogo, anza na kenchi za pembeni na za kibaraza, ndizo zinazotangulia kuondoka.

Msumari wa bati unakaa mgongoni mwa bati, sio bondeni. Kwenye ukingo na kofia (bati la kileleni) piga kila mgongo, katikati kila mgongo wa pili. Msumari uliolegea usiupige tena tundu lilelile, hautashika. Weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya.

Mzee wa Tandika
Na dirisha moja liachwe wazi ili upepo upate pa kutokea, nyumba isipasuke.

Fundi Kenchi
Hapana mzee wangu, hilo ndilo linalong'oa mapaa. Upepo ukiingia ndani unasukuma dari juu wakati nje bati linanyonywa. Funga yote, hata ya chooni.

Mzee wa Tandika
Tumefanya hivyo miaka yote.

Fundi Kenchi
Shikamoo, lakini funga. Na mawe na matairi juu ya bati tuyashushe, upepo ukiyabeba yanamwangukia jirani.

Mama Gata
Hesabu rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000. Bomba moja la inchi 3 la kushushia maji linaweza kuzidiwa mvua ikija kwa kishindo, maji yanarudi chini ya bati na dari inalowa. Weka la inchi 4 pande mbili, gata (mfereji wa ukingoni mwa paa) ishuke sentimita moja kila mita tatu. Tanki la plastiki lijazwe kabla ya upepo. Likiwa tupu linaruka na mabomba yake.

Dada wa Bondeni
Naona mnazungumzia juu tu. Sisi wa Msimbazi, Kigogo na Jangwani, adui anatokea chini.

Maji hayaanzi mlangoni. Mto ukipanda, chemba ya nje (shimo dogo yanapokutana mabomba ya majitaka) inajaa, na kwa sababu tundu la bafuni liko chini kuliko tundu la choo, bafuni ndiko yanakotokea kwanza. Utasikia choo kinabubujika, kama mtu anayesukutua koo. Halafu maji meusi yanasimama kwenye marumaru, bado mlango ni mkavu na watu wa ndani wanadhani bomba limepasuka. Wanachukua ndoo na tambara. Hapo ndipo muda unapopotea, maana sauti ile ndiyo onyo lenyewe. Baada yake maji yanaingia mlangoni, yanafika kwenye soketi za chini, friji inaelea na kulala kwa ubavu ikiziba korido. Godoro likilowa halibebeki. Mtungi wa gesi ambao haujajaa unaelea na kugonga kuta huku mpira wake ukivutwa. Na mlango unaofungukia nje haufunguki tena, maji yameuegemea.

Kwa hiyo ukisikia choo kinabubujika: watoto na wazee watoke kwanza. Zima meni swichi kama umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama maji yameshagusa soketi, iache, ondoka. Funga gesi ukiweza. Vyombo visikuzuie.

Kijana wa Mbagala
Dada, nimesoma mara mbili. Hiyo sauti watu wengi hawaijui.

Mama Gata
Je, kuna kinga ya hayo maji ya chooni?

Dada wa Bondeni
Ya kudumu ni valvu ya njia moja, inchi 4, kwenye bomba linalotoka chemba ya mwisho, na isafishwe kabla ya kila msimu kwa sababu tambara moja linaiacha wazi. Ya dharura: kiroba cha mchanga ndani ya nailoni nzito, kandamiza kwenye tundu la choo na la bafuni.

Mkazi wa Kigamboni
Basi tuvute mashimo yote ya vyoo mapema.

Fundi Bomba
Taratibu hapo. Huku kwenye mchanga, maji ya ardhini yakipanda, tanki tupu la plastiki la choo lililofukiwa linanyanyuka na kukata mabomba, na shimo la tofali linasukumwa kuta zikaangukia ndani. Vuta kiangazi, sio wiki ya mvua.

Kijana wa Mbagala
Na wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia majitaka yatoke mtaani, mvua ikinyesha je?

Dada wa Bondeni
Hao wanaleta kipindupindu mtaa mzima, watoto wanacheza kwenye maji yale. Serikali ya mtaa iambiwe bila kuoneana aibu.

Muuguzi Temeke
Maji ya kunywa na kupikia weka lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu watano siku tatu ni madumu matatu ya lita 20. Dawa za presha na sukari za wiki moja. Mtu akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo akiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Baharia Mstaafu
Viroba vya mlangoni visijazwe hadi juu. Nusu tu, kunja mdomo uwe chini, panga kama tofali, na nailoni upande wa maji. Kilichojaa kinakuwa duara, maji yanapita pembeni.

Mkazi wa Kigamboni
Miti? Nina miashoki minne karibu na waya.

Pwani Yetu
Usiikate kichwa, itachipua matawi dhaifu. Punguza matawi ya ndani upepo upite. Iliyo karibu na waya usiguse, waite TANESCO. Madafu na makuti makavu yashushwe. Ukuta wa fensi nao utobolewe matundu chini kila mita mbili, maji yakikusanyika nyuma yake unalala mzima.

Kijana wa Mbagala
Fundi Kenchi, bolti ya urefu gani kwenye lenta?

Fundi Kenchi
Iingie zege sentimita 8, na isiwe karibu na ukingo wa lenta chini ya kipimo hicho. Pulizia vumbi tundu litoke kabla ya kukaza, la sivyo itazunguka bure.