Haki za watu wenye ulemavu: sheria ikishasainiwa, serikali imemaliza kazi?

Wakuu, kila mada hii ikiibuka kuna wanaosema serikali imeshafanya sehemu yake: sheria ipo, mkataba wa kimataifa umesainiwa, kilichobaki ni jamii ibadili mtazamo. Mimi napinga. Kazi ya serikali inaanza siku sheria inaposainiwa.

Angalieni Marekani. Mwaka 1973 walipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 504 kinakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Kanuni za kukitekeleza zikapigwa danadana karibu miaka minne. Zilisainiwa Aprili 1977, baada ya watu wenye ulemavu kukalia ofisi ya serikali huko San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Mpaka watu walale sakafuni ndipo waziri ashike kalamu!

Mantiki ya kifungu chenyewe naipenda: ukitaka hela ya umma, usimfungie mtu mlango. Kwa hiyo anayejenga shule au zahanati kwa kodi zetu asilipwe malipo ya mwisho mpaka mtu wa kiti mwendo aingie, azunguke, atumie choo na atoke bila kubebwa. Kipimo cha njia mteremko kinachotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yaani mlango ulioinuka sentimita 60 unahitaji mteremko wa zaidi ya mita 7. Nenda kaangalie zinazojengwa: mita mbili tu, zimesimama wima kama ngazi ya kupandia darini, na mkaguzi kapitisha. Choo cha watu wenye ulemavu nacho, kama kipo, kimegeuzwa stoo ya ndoo na mafagio.

Utaratibu uliozoeleka unamtwisha mzigo aliyeonewa: alalamike, atafute wakili, asubiri. Wakati huohuo jengo la mahakama lenyewe lina ngazi tupu. Hospitalini ndiyo usiseme. Mama kiziwi anaingia kwa daktari na mwanawe wa darasa la nne ili amtafsirie majibu ya vipimo. Hapo mtazamo wa jamii unaingiaje? Mkalimani wa lugha ya alama hakuwekwa kwenye bajeti, basi.

Hoja ngumu ni ya waajiri binafsi: ukiwalazimisha, watakwepa. Hii siipuuzi. Ujerumani inamtaka mwajiri mwenye nafasi 20 au zaidi atenge asilimia 5 kwa watu wenye ulemavu mkubwa, na wapo wanaoona heri walipe tozo kuliko kuajiri. Ila tozo hiyo inarudi kugharamia vifaa na marekebisho kwa wanaoajiri, kwa hiyo hakuna anayebeba mzigo peke yake. Uingereza ilikuwa na kiwango cha asilimia 3 chini ya sheria ya 1944. Hakikusimamiwa ipasavyo, wakakifuta kwa sheria ya 1995.

Na msiniambie sekta binafsi haiihusu serikali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unazitaka nchi wanachama ziondoe ubaguzi unaofanywa na mtu, shirika au kampuni yoyote.

Mwenye kibanda cha watu wawili mimi namwelewa. Lakini benki yenye programu ya simu ambayo kisoma skrini cha mtu asiyeona (kinachomsomea kwa sauti kilichopo kwenye simu) kinaishia kusema "kitufe, kitufe, kitufe" kwa kuwa vitufe havikupewa majina, mnaotaka soko liamue mnaitetea kwa hoja gani?