Madarasa ya bure au ya bei nafuu ukiwa ughaibuni, watu huwa mnaanzia wapi?

zamu_ya_usiku

Habari zenu wakuu. Niko nje huu mwaka wa pili, nchi sitaitaja kwa sababu zangu, nilikuja kwa viza ya kumfuata mume. Kazi nafanya usafi wa maofisini, naingia saa nne usiku natoka saa kumi na moja alfajiri. Lugha ya hapa ninayoijua ni ya salamu na ya "hapa umesahau kufuta". Nataka nisome lugha kwanza, halafu mambo yakikaa sawa nirudi kwenye uhasibu maana ndio nilisomea na cheti ninacho kwenye bahasha kinanitazama tu.

Shida ni ada. Kila shule ninayoikuta mtandaoni kozi ya miezi 3 inameza mshahara wangu wa karibu miezi 2, sasa kodi ya nyumba nitalipa na nini. Halafu kuna jamaa nimekutana nae, anasema kuna darasa la serikali la bure kabisa na yeye ataniandikisha ila nimpe hela kidogo ya "kufungulia faili". Roho inasita kwakweli. Na nina mtoto wa miaka 3.

Naombeni uzoefu, hata kama ni wa nchi nyingine. Ila tafadhali msiniambie nipakue apu, apu ninazo tatu na zote zimenifundisha kusema tembo anakunywa maziwa.

boksi_mstaafu

Dada huyo wa faili mkimbie, hata viatu utavalia njiani. Darasa la serikali halina wakala. Unaenda mwenyewe na kitambulisho na karatasi ya ukaazi, wanakuandika, yameisha. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimlipa mtu wa namna hiyo hiyo, tukaenda wote mpaka mlangoni akaniambia wewe subiri hapa nje, akaingia akatoka na fomu kama vile kaipigania. Wiki ya pili yake napita mapokezi naona fomu zile zile zimerundikwa mezani kila mtu anajichotea. Nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu ila sio kicheko cha furaha.

Anzia maktaba ya mtaani kwako. Usiangalie tovuti yao, nenda kwa miguu yako, kwa sababu vitu vingi vya bure havina hela ya kujitangaza, vimeandikwa kwenye karatasi moja iliyobandikwa karibu na choo. Muulize mtu wa kaunta: kuna darasa la lugha kwa wageni? Kama halipo kwao anajua lilipo, hao watu huulizwa swali hilo kila siku. Ukitoka hapo pita ofisi ya manispaa, halafu shule ya mtoto wa jirani, maana shule nyingi zinafungua madarasa ya wazazi jioni.

theluji_tupu

Mimi nitatofautiana kidogo na mkuu hapo juu, kabla ya maktaba angalia makaratasi yako. Swali la kwanza sio "darasa liko wapi", ni "viza yangu inaniruhusu darasa lipi", maana bure ya serikali huwa ina jina la mtu.

Mfano niko Kanada, huku kuna LINC, madarasa ya lugha kwa wageni, ilianza 1992, serikali kuu inalipa na mwanafunzi hatoi kitu. Lakini ni ya mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyekubaliwa. Ukiwa na kibali cha muda cha kazi au cha masomo haikuhusu, na ukishakuwa raia pia haikuhusu. Nina rafiki yangu kila mwaka alikuwa anasema nitasoma nikitulia, nikitulia, akapata uraia akafanya na sherehe, kwenda kujiandikisha akaambiwa wewe sasa ni mwenyeji mlango huu sio wako tena. Ikabidi atafute programu za mkoa ambazo nazo zina foleni yake.

Kitu kingine ni kupimwa. Hawakutupi tu darasani, unapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kila kimoja kinapata namba yake. Mimi kuongea nilipata 5 kuandika 3 kwa sababu nilikuwa nashinda na wateja kutwa lakini kalamu sikuwahi kuishika. Kuna watu watakushauri ujifanye hujui ili upewe mteremko, usithubutu, nilimuona mama mmoja mwalimu kabisa wa sekondari kajifanya hajui akawekwa na wanaojifunza a e i o u, alikaa humo wiki sita akiwa amenuna.

Na mtoto usimuache nje ya swali. Baadhi ya vituo vya LINC vina malezi ya watoto wakati mzazi yuko darasani, ila wengi hawasemi mpaka uulize.

kidato_cha_sita_B

Marekani tahadhari moja hapa maana imewagusa watu ninaowajua. Elimu ya watu wazima kule inaendeshwa na wilaya za shule na vyuo vya jamii, lugha mara nyingi ni bure au karibu na bure. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kuna sheria ya 1996 inamkataza kusoma kwenye programu za elimu ya watu wazima zinazolipiwa na hela za umma. Kwahiyo mtu yuko chuoni analipa ada huku halafu jioni anataka kiingereza cha bure kule, anajiharibia viza bila kujua. Wewe wa viza ya mume sheria zako ni nyingine kabisa, ila somo ni lile lile la theluji_tupu, uliza kwanza na uulize ofisi yenyewe, mtaani utadanganywa.

nusu_mshahara

Bure ni ghali jamani tusidanganyane. Nimesoma darasa la bure miezi 7, tuko watu 28, mwalimu anabadilika kila wiki, kila anayekuja anaanza na "jina lako nani unatoka wapi". Kujieleza jina langu najua kuliko raisi. Nilivyojikusanya nikalipia kozi ya wiki 8 ndio nikaanza kuongea. Muda nao ni hela.

theluji_tupu

@nusu_mshahara sikatai, lakini yeye kasema hana, sasa unamwambia akalipe na nini. Halafu madarasa ya bure hayafanani, la kujitolea mara moja kwa wiki ni kitu kimoja na la serikali la kila siku asubuhi ni kitu kingine. Masaa 2 kwa wiki hata mwalimu awe malaika hutoki.

bahasha_ya_kaki

Nimekaa Ujerumani kabla ya kuhamia Uswidi kwahiyo nimeonja kote kuwili, ngoja niandike kirefu mnisamehe.

Ujerumani kuna kozi ya wageni kuizoea nchi wanaiita Integrationskurs, ya kawaida ni vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya sheria, historia na maisha ya kule, kipindi ni dakika 45. Serikali inabeba sehemu kubwa, wewe unachangia sehemu yako, na anayeishi kwa msaada wa serikali anaweza kuomba asamehewe mchango. Nasema ANAWEZA KUOMBA, herufi kubwa, maana asipoomba hakuna atakayemkumbusha. Darasani kwetu tulikuwa wawili tuliokaa dawati moja, kitabu kimoja, mwalimu mmoja, yeye hakuwa analipa mimi nalipa, na karatasi za kipato zetu zilikuwa zinafanana kama mapacha. Nilikuja kujua mwezi wa nne. Kwa wasiopata kozi hiyo kuna Volkshochschule, vyuo vya jamii vya watu wazima, vipo karibu kila mji, bei yake ya chini kuliko shule binafsi, wana na tovuti ya kujifunzia bure.

Uswidi ni SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, inaendeshwa na manispaa, bure, kuanzia umri wa miaka 16, sharti kubwa uwe umeandikwa kwenye daftari lao la wakazi. Na hapa dada zamu_ya_usiku sikiliza hiki. Kozi ziko A, B, C, D, na unapangwa kwa kiasi ulichosoma maishani mwako. Ambaye hakusoma sana anaanzia A, mwenye shule ndefu anaweza kuanzia C. Kwahiyo siku ya kuandikishwa nilitoa vyeti vyangu, yule mtu alitaka kuniandika njia ya polepole, alipoona karatasi akafuta akaandika upya mbele yangu. Sijui nchi yako inafanyaje, lakini hiyo bahasha yako usiiache nyumbani, ibebe hata kama cheti kiko kwa lugha wasiyoielewa, waone mihuri.

Mwisho foleni. Ukiambiwa darasa limejaa sema sawa, andika jina, halafu rudi WIKI YA PILI baada ya darasa kuanza. Wiki ya kwanza wote wapo, wiki ya pili mvua inanyesha, kazi zinabana, viti vitatu viko wazi na mwalimu hataki darasa lake lionekane pungufu. Mimi kiti changu nilikipata hivyo hivyo, niliingia na koti linachuruzika maji nikaulizwa tu "una kalamu?"

zamu_ya_usiku

Nimesoma yote hadi macho yanauma asanteni sana. Jamaa wa faili sijampa kitu. Na uhasibu je? Au hilo nisahau kwanza?

daftari_la_pili

Usisahau, anza nalo polepole pembeni. Debiti na krediti ni zile zile dunia nzima, kinachobadilika ni kodi na sheria za nchi uliyopo. Hiyo sehemu isiyobadilika irudie kwa vitu vya bure: OpenLearn ya Open University ya Uingereza ina kozi za bure za fedha na hesabu, chuo cha MIT cha Marekani walitangaza tangu 2001 kwamba wataweka masomo yao wazi kwa kila mtu na uhasibu umo, kwenye edX, tovuti ya kozi za vyuo mbalimbali, kozi nyingi unaweza kufuata bila kulipa, unachokosa ni cheti na mara nyingi mitihani. Cheti chenyewe cha mtandaoni kwa sasa hakikusaidii kitu, usilipie. Mwajiri wa hapo ulipo atataka lugha na atataka kujua cheti chako cha nyumbani kinalingana na nini kwao, hilo lina ofisi yake karibu kila nchi.

Sasa hiki nilikifanya mwenyewe. Chukua slipu yako ya mshahara, ile karatasi unayoitupa kwenye droo. Kaa nayo mstari kwa mstari na kamusi. Jumla kabla ya makato, kodi, bima, pensheni, kilichobaki. Hayo ndio maneno ya uhasibu ya lugha yao, tena ya hela yako mwenyewe kwahiyo hayasahauliki. Mimi kwenye mstari wa saba niligundua nimewekwa daraja la kodi ambalo sio langu, nikaenda ofisini nikaonyesha kwa kidole tu maana sentensi sikuwa nayo, mwezi uliofuata wakarekebisha.

boksi_mstaafu

Daftari umenikumbusha slipu zangu za miaka 11 ziko kwenye boksi la viatu. Naogopa hata kulifungua.

zamu_ya_usiku

Narudi na mrejesho, zimepita wiki tatu. Jumanne nilitoka kazini nikakaa kwenye ngazi za maktaba mpaka wafungue, nilisinzia mlinzi akaniamsha. Tangazo lilikuwepo kweli, na kweli boksi_mstaafu lilikuwa karibu na choo, lile la kuchana vipande vya namba ya simu, kimebaki kipande kimoja. Nikapiga picha lote nikaacha kipande kwa mwingine.

Darasa ni la manispaa, Jumatatu mpaka Alhamisi saa tatu mpaka saa sita asubuhi, yaani nalala baada ya darasa. Viza yangu inakubalika, nilipiga simu uhamiaji kwanza kuhakikisha. Kulipa nachangia vitabu tu. Malezi ya mtoto waliniambia hakuna, nikauliza mara ya pili kwa mtu mwingine akasema ipo ila nafasi chache, nimewekwa kwenye orodha, kwa sasa mume anabadilisha zamu.

Kupimwa sasa. Mama mmoja mzee akanipa picha akasema eleza unachokiona. Ilikuwa picha ya ofisi. Jamani. Nilitaja kila kitu kilichomo, pipa, zulia, kioo cha dirisha, vumbi juu ya kabati, doa la kahawa kwenye meza, nikamwambia na hilo doa halitoki kwa maji ya baridi. Sarufi yangu mbovu kabisa lakini mama alicheka mpaka akavua miwani. Bahasha niliitoa akaangalia mihuri akaandika kitu pembeni. Nimewekwa levo ya pili, kuandika tu ndio nitaanza na la kwanza.

Jamaa wa faili kanipigia tena jana, anasema nafasi zimebaki mbili.