Temeke, hapa Dar es Salaam, 2018 tulipewa mbunge bila kampeni wala kura. Mtu anajiuzuluje, halafu anarudi kugombea kiti hicho hicho?

Wakuu, leo ni povu tu, mnivumilie.

Desemba 2018 Abdallah Mtolea, aliyehamia CCM kutoka CUF, alitangazwa mbunge kwa kupita bila kupingwa. Jimbo zima la Temeke, kuanzia Keko mpaka Buza, hakuna hata mtu mmoja aliyetumbukiza karatasi kwenye sanduku. Tulikuwa tunasubiri kampeni za uchaguzi mdogo, kumbe zimeisha kabla ya mkutano wa kwanza.

Tukumbushane. 2015 huyu bwana aligombea kwa CUF, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, ikamwachia jimbo, na watu wa CHADEMA wakampigia kura bila kinyongo. Ndivyo alivyomwangusha Abbas Mtemvu wa CCM. Novemba 2018 kasimama bungeni Dodoma, katangaza kujiuzulu, kataja mgogoro wa chama chake. Mgogoro wa CUF ulikuwepo kweli, mwenyekiti Lipumba huku, katibu mkuu Maalim Seif kule, hapo simbishii. Na kuhama chama ni haki yake. Sisemi kanunuliwa, ushahidi sina.

Ninachokigombania ni kinachofuata. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekoma. Hiyo ilikusudiwa iume! Ikageuka likizo fupi. Mtu anavaa shati la kijani, Kamati Kuu ya CCM inampitisha bila kura za maoni, na baada ya wiki chache anaapishwa tena kwenye kiti alichokitema mwenyewe. Hata makada wa CCM wa hapa Temeke waliokuwa wanajipanga kwa 2020 waliachwa midomo wazi. Nawaonea huruma, na si kawaida yangu.

Na si Temeke tu. Desemba 2017 walijiuzulu Maulid Mtulia wa Kinondoni (CUF) na Dk. Godwin Mollel wa Siha (CHADEMA). Tarehe 17 Februari 2018 wote wawili wakashinda tena, kwa CCM. Septemba zikafuata Ukonga na Monduli, kwa Waitara na Kalanga waliotoka CHADEMA, mtindo ule ule. Oktoba Liwale. Wimbo ulikuwa mmoja: "kuunga mkono juhudi za Rais", yaani Magufuli. Jamani, juhudi haziungwi mkono mpaka nchi iitishe uchaguzi?

Kampeni za Kinondoni nilizifuatilia na bado zinanikera. Fikirieni mgombea yuko jukwaani anaomba kura akatatue kero za jimbo, wakati jimbo liko wazi kwa sababu yeye ndiye aliyeondoka. Ukimuuliza mbunge aliyepita alifanya nini, atajibu nini? Anamponda nani? Siku ya kura wananchi wakajibu kwa miguu yao, wakabaki nyumbani. Kati ya waliojiandikisha zaidi ya laki mbili na nusu, waliopiga kura hawakufika elfu hamsini. Mtu akaitwa mshindi wa kishindo.

Kuna gharama nyingine ambayo hairudishwi. Tarehe 16 Februari, siku moja kabla ya kura hizo, CHADEMA waliandamana kudai barua za viapo vya mawakala wao, polisi wakafyatua risasi kuwatawanya, na Akwilina, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), akauawa ndani ya daladala. Hakuwa na fomu, hakuwa wakala, alikuwa abiria. Uchaguzi ule haukuwa na sababu ya kuwepo. Aliyekuwa mbunge kabla yake ndiye aliyekuwa mbunge baada yake.

Kiti kikiwa wazi kwa msiba, kama Songea Mjini alipofariki Leonidas Gama, sina neno. Mahakama ikitengua matokeo kama Longido, sina neno pia. Na Nyalandu alipoiacha CCM na ubunge wa Singida Kaskazini, aliondoka moja kwa moja, uchaguzi mdogo ukafanyika yeye hayumo. Mnaona kwamba inawezekana?

Najua wapo watakaosema sheria inaruhusu. Inaruhusu, ndiyo kero yenyewe. Sheria ya Uchaguzi iliyotumika 2018 iliruhusu pia mgombea akibaki peke yake atangazwe mshindi bila kura, na aliyeamua fomu ya nani iko sawa alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais. Vyama vya upinzani navyo vilikuwa na lao. CHADEMA walitangaza 2018 kwamba hawashiriki tena chaguzi hizi ndogo. Sababu zao nazielewa, lakini mpiga kura wa Tandika, hapa Temeke, asiye na chama alisusia nini? Yeye alitaka karatasi yenye majina mawili tu, achague.

Ninachotaka ni kifungu kimoja. Aliyejiuzulu ubunge kwa hiari yake asiruhusiwe kugombea uchaguzi mdogo unaotokana na kujiuzulu kwake, asubiri uchaguzi mkuu. Basi. Akihama kwa imani, miaka miwili ya kusubiri haitamuua. Na hilo liwabane wote, anayetoka upinzani na anayetoka CCM.

Wanasheria mliomo humu, acheni kupita kimya kimya. Mpiga kura wa kawaida anaweza kulipeleka hili Mahakama Kuu, au lazima apatikane mbunge wa kupeleka hoja binafsi? Na kama ni hoja binafsi, mbunge gani ataisaini, ilhali kesho huenda ni zamu yake?