Uliwahi kupeleka maoni kwenye rasimu ya sheria ndogo za halmashauri? Tupeane uzoefu

Msomambao
Wakuu, habari za saa hizi. Kwenye ubao wa matangazo wa kata yetu wamebandika karatasi: halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo za ada na ushuru, pamoja na za usafi wa mazingira. Mwenye maoni au pingamizi alete kwa maandishi kwa mkurugenzi. Rasimu yenyewe haipo pale, wameandika tu "inapatikana ofisini". Watu wanasoma kichwa cha habari wanaondoka.

Kwa halmashauri ya wilaya hapa Tanzania njia iko kwenye Sura 287, ile Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Halmashauri inatangaza kusudio kwa wakazi, inapokea maoni, kamati zinajadili, Baraza la Madiwani linapitisha, kisha inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Akiridhia inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hapo tena unabaki kubishana na mgambo getini, na mgambo hana mamlaka ya kufuta hata nukta.

Naomba waliowahi kuingia kabla mlango haujafungwa watusimulie. Ulipeleka kwa nani, kikabadilika nini?

Mama Lishe wa Stendi
Sisi wauza chakula wa stendi tulifanya hivyo. Tetesi zilitufikia kwamba kutakuwa na ushuru wa siku kwa "mtoa huduma ya chakula". Wengi walitaka twende kwa diwani tukapige kelele. Diwani wetu alitusikiliza vizuri sana, kisha akasema: mama zangu, nikisimama kwenye kamati na maneno ya mdomo nitaulizwa karatasi iko wapi.

Basi binti wa mwenzetu mmoja, amesoma, akaenda masijala kuomba rasimu. Mara ya kwanza akaambiwa anayeshughulika nayo hayupo. Akarudi na barua yenye jina la kikundi chetu, akapewa akatoe kopi. Tulipoisoma tukakuta tatizo halikuwa ushuru wenyewe. Lilikuwa kwenye tafsiri mwanzoni kabisa, kule ambako hakuna anayesoma. "Mtoa huduma ya chakula" alikuwa ni mwenye mgahawa wa vigae na feni, na ni mimi pia mwenye jiko la mkaa na mabenchi mawili. Kiwango kimoja.

Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Kifungu namba fulani kinasema hivi, shida yake hii, tunapendekeza kisomeke hivi. Tukaigawa ile tafsiri makundi mawili: mwenye jengo na asiye na jengo. Nakala mbili, moja ikabaki kwao, nyingine tukaondoka nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri ule ndio uliotusaidia baadaye, maana kuna afisa alisema hakuna maoni yoyote yaliyoletwa kutoka stendi.

Makundi mawili yalikubaliwa. Faini hawakuigusa, ni ileile kwa wote, na mpaka leo naona si haki.

Gunia Moja
Mimi ni mkulima. Kwenye rasimu ya kwetu ushuru wa mazao uliwekwa kwa gunia: kila gunia kiasi fulani, liwe la mahindi au la ufuta. Ukipiga hesabu, bei ya mahindi ikishuka wanakula zaidi ya wanachoruhusiwa. Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliushusha ushuru huo kutoka asilimia 5 ya bei hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda halmashauri nyingine akaondolewa.

Kwa hiyo sikuandika kwamba wakulima tunaumia. Niliandika kwamba kifungu hiki kinapingana na sheria mama, nikaweka hesabu ya gunia langu chini. Kilio cha maisha magumu diwani anaweza kukuonea huruma akaendelea na kikao. Ukisema sheria ndogo imevuka sheria ya Bunge, mwanasheria wa halmashauri lazima asimame ajibu, kwa sababu Waziri naye atamrudishia.

Kobe wa Pwani
Mnajisumbua. Kwetu mkutano wa kutoa maoni uliitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi, tangazo lilitolewa jana yake jioni. Waliohudhuria ni wenyeviti wenyewe na wazee wa kahawa. Jioni tukaambiwa wananchi wameridhia.

Mtendaji Mstaafu
Kobe, nimekuwa mtendaji wa kijiji, nakubali yapo. Ila dawa yake iko kwenye daftari. Kijiji nacho kina sheria ndogo zake: halmashauri ya kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi mtu mzima, unatoa maoni, na halmashauri ya wilaya ndiyo inayoidhinisha. Wilayani hawakujui wewe. Wanasoma muhtasari na orodha ya mahudhurio. Ukisema jambo mkutanoni, subiri mwisho mwombe katibu alisome kama alivyoliandika. Lisipokuwemo kwenye muhtasari halikusemwa.

Nina mfano. Tulileta faini ya mifugo inayoingia shambani, kwa kila kichwa. Wakulima wakapiga makofi. Mzee mmoja mfugaji akauliza taratibu: ndama anayenyonya naye ni kichwa? Mbuzi na ng'ombe ni sawa? Na ng'ombe akipita njia ya mapito ambayo mtu ameilima, nani alipe? Kimya. Kifungu kikarudi, kikaongezwa aya ya kutambua njia za mifugo na ndama akatolewa. Maswali matatu tu yale, na hakupandisha sauti.

Mkaazi wa Thika
Huku Kenya mambo hayo ni miswada ya kaunti. Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti lihusishe umma. Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha ya 2013 na Mahakama Kuu ikaibatilisha 2014 kwa kukosa kushirikisha wananchi ipasavyo. Jaji Odunga alitaja hadi makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama kama mahali pa kufikia watu. Tangu hapo makarani wa bunge wanaogopa. Ukipeleka memoranda yako, yaani maoni kwa maandishi, wanaipokea na kuiweka kwenye ripoti ya kamati. Kukubali ni kitu kingine. Lakini ukienda kortini una la kuonyesha.

Gunia Moja
@Mkaazi wa Thika, hiyo kesi nimeipenda. Kwetu kuna nafasi moja ya nyuma watu hawaijui: Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo, inazichambua zikishachapishwa. Mwenye mbunge anayepokea simu amwandikie, ataje namba ya tangazo la serikali. Na Baraza la Madiwani unaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa kusema huruhusiwi. Nenda ukae. Diwani akikuona pale anakumbuka barua yako.

Msomambao
Nashukuru sana wakuu. Rasimu nimeipata. Kifungu cha ada ya taka kinasema "kila kaya", na vitongoji vyetu vitatu gari la taka halijawahi kufika. Napendekeza kisomeke "kila kaya inayopata huduma ya kuzolewa taka". Naandika leo, nazungusha kwa majirani watie sahihi.

Mama Lishe wa Stendi
Sahihi ziwe kwenye karatasi ileile yenye hoja, mwanangu. Sisi tuliziweka karatasi ya pembeni, wakatuuliza hawa watu walisaini nini.