Re: Vitabu vya kadibodi vya hadithi, vile vya kufunua na kubonyeza

Mama Zuhra, Leicester

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wazazi wote wa kundi letu hapa Uingereza. Samahanini kuwaletea jambo dogo baada ya wiki nzima ya mjadala wa pasipoti.

Zuhra wangu ana miezi 26. Nyumbani ni Kiswahili kitupu, ila tangu aanze nasari mwezi wa tisa anarudi amejaa Kiingereza mdomoni, na hilo nililitegemea. Sasa wifi yangu kamletea kitabu cha hadithi cha kadibodi chenye vitufe pembeni. Ukibonyeza hiki mbwa mwitu analia, ukibonyeza kile nyumba inaporomoka, na kipo kimoja ambacho mama mwenye sauti ya mtangazaji anasoma ukurasa mzima kwa Kiingereza. Mtoto kakipenda hadi analala nacho. Mimi nikianza kumsimulia kwa Kiswahili ananiziba mdomo kwa kiganja, "Mama kimya. Yule!", kisha anambonyeza mtangazaji wake. Nimenyang'anywa kazi ndani ya nyumba yangu.

Kuna anayejua vitabu vya aina hii kwa Kiswahili? Nataka kurasa ngumu asizoweza kuchana, vitu vya kufunua au kuvuta, na hadithi hasa za hapo kale, maana za rangi na namba ninazo tele. Nimetafuta mtandaoni mpaka saa saba za usiku, sikupata. Na mfuko wangu mnaujua.

Baba Imani, Reading

Dada, usikitupe. Mimi niko ghalani zamu ya usiku. Nikirudi asubuhi mama Imani ndiyo anatoka, na kitabu cha vitufe hunipa dakika kumi za kunywa chai bila kupandwa kichwani. Sauti ikikukera, bandika selotepu mbili tatu juu ya matundu ya spika, inapungua.

Kwa bei nafuu nenda maduka ya hisani, yale ya mitumba. Mimi hulipa pauni moja au senti hamsini. Ila fungua kurasa zote kabla ya kulipa. Nimenunua kitabu cha dubu watatu, wale wanaomkuta binti kalala kitandani mwao, kufika nyumbani kitanda cha dubu mdogo hakina shuka ya kufunua, imeng'olewa, binti kalala peupe. Fumbo lote limekwisha kabla hatujaanza.

Bi Saada, Milton Keynes

Marahaba kwa mlioniamkia juzi, macho yalikuwa yananisumbua ndiyo maana kimya.

Mama Zuhra mwanangu, huna haja ya kitabu cha Kiswahili. Tafuta kitabu bubu. Kisiwe na betri, kisiwe na maneno mengi, kiwe na vilango vya kufunua na vipande vya kuvuta. Kitabu cha namna hiyo hakina lugha, lugha ni ya anayekishika. Hicho cha vitufe kina mwenyewe tayari, ndiyo maana umefukuzwa.

Wajukuu watatu nimewalea nchi hii kwa vitabu hivyo. Na wala si kitu kigeni kwetu. Ile paukwa yetu inasemaje? "Mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia." Basi mimi huvishika vilango vile. Nasema paukwa, mkono uko juu ya karatasi. Mtoto asipoitika pakawa, kilango hakifunguki. Wiki moja tu, utaona nani anakuziba mdomo.

Ila niwahadharishe na jambo. Mjukuu wangu wa pili tulikuwa tumemfunza adabu, mtu akipiga hodi aitikiwe. Nikaleta hadithi ya vijinguruwe wanaojifungia nyumbani mbwa mwitu asiwale. Tumefika mbwa mwitu yuko mlangoni, nikagonga kadibodi, ngo ngo ngo, "Hodi! Hodi wenyewe!" Mtoto akafunua mlango kwa furaha zote: "Karibu, pita ndani!" Wameliwa ukurasa wa pili. Tukafunga kitabu tukaenda kula.

Tangu hapo nilihamia hadithi nyingine, na kusema kweli nguruwe nao nilikuwa nawapitisha kwa shingo upande. Ipo ya Wajerumani, ndugu wawili Grimm waliitia kitabuni mwaka 1812: mama mbuzi anakwenda kutafuta chakula, anawausia watoto wake saba wasimfungulie mtu. Mbwa mwitu anakuja na sauti yake ya kukwaruza, wanamkataa. Anakwenda kula chaki sauti ilainike, anapakwa unga miguuni ionekane myeupe, anarudi, wanafungua. Hapo ndipo penye utamu kwa mtoto mdogo, kwa sababu kila mmoja anajificha mahali pake: chini ya meza, kitandani, ndani ya jiko, kabatini, na yule mdogo kabisa ndani ya sanduku la saa ya ukutani, asionekane. Vitabu vya kufunua vya hadithi hii vipo, na kisipopatikana ni rahisi kukitengeneza. Mbwa mwitu mimi humwita fisi. Watoto wa hapa mbwa mwitu wanamwona kama mbwa wa jirani, wanataka kumpapasa.

Na sikiliza faida yake. Kila kilango unauliza "yuko wapi?" Yumo kabatini. Yupo juu ya meza. Yuko jikoni. Yumo, yupo, yuko! Mtoto anazipata zote tatu bila darasa, na Kiingereza chao hakimpi hata moja. Binti yangu mwenyewe, mama wa watoto hao, amekulia hapa na hadi leo kila kitu kwake "kiko".

Mama Tumaini, Birmingham

Wapendwa, naingilia kidogo kwa vazi la kazi, mimi ni muuguzi wa watoto.

Baba Imani, hicho kitabu cha mitumba chenye vitufe, kigeuze nyuma. Kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu? Skrubu ipo? Kama imepotea au plastiki imepasuka, usimpe mtoto hata kwa dakika za chai. Vingi vina betri za saa, zile bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake unaanza kuunguza nyama ya ndani, na saa mbili zinatosha kuleta jeraha baya sana. Tena mara nyingi hakuna dalili ya kukutisha, anatoa mate mengi, anakataa chakula, unadhani mafua. Ukishuku tu, usimtapishe, usingoje mpaka asubuhi, mpeleke kitengo cha dharura au piga 999 na useme neno "betri" mwanzo kabisa. Kadi za sikukuu zinazoimba nazo ni hivyo hivyo, na zenyewe watu wanamwachia mtoto kwa sababu ni karatasi.

Kwa watakaotengeneza vyao: chukua kile kiboksi cha duara kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kipande chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa aliye chini ya miaka mitatu.

Mama Furaha, Sheffield

Bandugu, jambo. Mtanisamehe, Kiswahili changu ni cha Bukavu, hakijapigwa pasi. Sisi kwetu ni batoto na bitabu, na Furaha akisoma "watoto" ananiuliza hao ni wa nani.

Mimi nanunua stika nyeupe, zile za kuandikia anwani, naandika maneno yetu na kubandika juu ya Kiingereza. Sentensi moja kwa ukurasa. Akagonga. Akafungua. Akakimbia! Mwanangu sasa hivi akisimulia mambo ya nasari anasema "teacha akakuja, akakasirika", yaani kila kitu kimekuwa hadithi. Lakini msibandike kwenye kitabu cha maktaba, mimi nilibandika, nilikaa jioni nzima nabandua kwa kikausha nywele.

Maktaba ni bure, hata mtoto wa wiki mbili anapata kadi yake. Na aliyezaa karibuni amwulize nesi wa nyumbani au maktaba juu ya pakiti ya Bookstart, wanatoa vitabu vya bure mwaka wa kwanza wa mtoto. Tena kuna Imagination Library ya yule mwimbaji Dolly Parton, aliyeianzisha kwao Tennessee mwaka 1995: kitabu kimoja kwa posta kila mwezi mpaka mtoto afikishe miaka mitano. Hapa Uingereza haiko kila mahali, unaingiza postikodi yako unaona. Ni vya Kiingereza, lakini stika ninazo.

Vya Kiswahili vyenyewe: African Storybook mtandaoni, hadithi nyingi za Kiswahili, bure, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno. Na Mantra Lingua wa London wanatoa vitabu vya lugha mbili, Kiswahili kimo, pamoja na kalamu inayosoma ukiigusisha. Ila vingi ni vya karatasi laini, mtoto wa miaka miwili atavila.

Baba Imani, Reading

Mama Tumaini ahsante, nimegeuza. Skrubu haipo. Kimekwenda kabatini juu, kinasubiri nitoe betri na kuzipeleka kwenye pipa lao pale supamaketi. Asubuhi hii nimekunywa chai baridi.

Swali kwa Bi Saada, shikamoo. Hizi hadithi za kuliwa si zitamtia mtoto ndoto mbaya? Mama Imani amenikataza ya fisi.

Bi Saada, Milton Keynes

Marahaba baba. Hadithi hizi zimelainishwa. Ile ya binti mwenye kofia nyekundu, Mfaransa Perrault alipoiandika mwaka 1697, binti aliliwa na mbwa mwitu ikawa ndiyo mwisho. Mwindaji wa kumtoa tumboni waliongeza Grimm baadaye. Muulize mama Imani kama na ile ya zimwi aliyosimuliwa yeye kwao ilimharibu.

Akikataa kabisa, chukueni ya kima na papa. Ni yetu, padri Mwingereza, Steere, aliichapa na nyingine za Unguja mwaka 1870, na haliwi mtu. Kima juu ya mkuyu anamtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao, wamefika katikati ya bahari anamwambia sultani ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima naye: ungesema mapema! Sisi tukitembea mioyo yetu tunaiacha mitini. Papa akamrudisha. Hadithi inayoficha kitu ndani ya mti, unataka kilango gani tena?

Mama Zuhra, Leicester

Narudi na ripoti baada ya wiki tatu. Kitabu cha mtangazaji kimo ndani ya mfuko wa mashuka, juu ya kabati. Kimetafutwa siku nne.

Nimetengeneza cha kima na papa. Kurasa sita tu. Kadibodi ya boksi la viatu, mbili mbili zimegundishwa. Ya boksi la nafaka ni laini, ilijikunja usiku ule ule. Picha nimechora mwenyewe, papa anafanana na chupa. Kingo nimezizungushia mkanda wa kitambaa, pembe nimezikata duara. Papa yuko kwenye ulimi wa kadibodi unaopita ndani ya mfereji, unamvuta kutoka mkuyuni hadi katikati ya bahari na kumrudisha. Hapa nilikosea mara mbili: mfereji ukiuacha finyu mtoto anavuta kwa nguvu zote, ulimi unatoka na papa. Acha nafasi ya unene wa kidole. Na gundi ya kijiti haishiki, tumieni ile nyeupe ya mbao, mweke kitu kizito juu usiku kucha. Mimi niliweka sufuria ya pilau.

Moyo ni wa kitambaa chekundu, mkubwa kuliko kiganja chake, nimeupitisha kwenye kile kiduara cha Mama Tumaini ukagoma. Unashikwa kwa velkro, ule mkanda wa kunasana, nyuma ya kilango cha mti. Pakawa anaitikia, tena kwa kelele. Papa, tunda, bahari, vyote anavitaja. "Umo mtini!" anasema kabla sijauliza, na mimi hapo hujifanya papa mjinga asiyeelewa.

Juzi tumefika mwisho, nikafunua, mti mtupu. Nikamwuliza, moyo wa kima uko wapi? Akaniambia bila wasiwasi, "Uko nasari."

Ulikuwa mfukoni mwa koti lake tangu asubuhi, kauacha kule. Mwalimu kaurudisha jana ndani ya bahasha, kaandika jina la Zuhra na alama ya kuuliza. Velkro imelegea sasa. Bi Saada, ile ngumu ya kushonea, ya kuuzwa kwa mita, uliwahi kuipata duka gani?